Springi za Mtu Mmoja

Lodwar, Machi 9

Daktari amenibonyeza mgongo hapa na pale, akasema pingili za chini zimeanza kusagana. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia nachanja mbuzi, na huko kwa mbuzi nafika kwa kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, kutoka Kakuma hadi chini ya milima ya Pelekech na ng'ambo ya Letea. Akacheka kidogo, kisha akaniandikia dawa.

Jioni nilipita ofisini kwa Bwana Ekeno, mkuu wetu. Atatuagizia shoki mpya za nyuma, za kupunguza mrusho, kutoka Nairobi. Si zile zilizokuja na kwadi, bali zile zinazotengenezwa na watu wengine kwa ajili ya njia mbaya. Springi zake huchaguliwa kwa uzito. Akauliza uzito wangu, uzito wa sanduku la barafu la chanjo, na uzito wa abiria.

"Sibebi abiria," nikasema.

"Hata siku moja?"

"Si shirika lilikataza?"

Akaandika. Halafu akaniambia bila kuzungukazunguka kwamba msimu huu wa mvua ndio utakaoamua. Mgongo usipopata nafuu, au mbuzi wa upande wa magharibi wasipochanjwa, kwadi itakwenda Todonyang, kule ziwani, na mimi nitakaa hapa Lodwar kwenye friji ya chanjo, kufungua na kufunga mlango. Niliwahi kukaa ofisi ile wiki moja. Nilitazama ukuta mpaka nikaujua. Sitaki kurudi.

Kuhusu abiria nilidanganya. Kila mwenye chombo huku kwetu hubeba watu, na anayesema habebi ni mgeni au ni mimi mbele ya Ekeno.

Kakuma, Machi 12

Vumbi. Nimemeza dawa, nimelala mchana.

Machi 15

Nimekwenda kwa Lokiru, mwenye kundi kubwa upande wa Letea. Kabla sijavuka laga ya Tarach, mto wa mchanga usio na maji ila mvua ikinyesha, mkewe Akoru aliinua mkono. Yeye huleta maziwa kambini, huwauzia wakimbizi, kisha hurudi kwa miguu au kwa kwadi yangu. Kuinua mkono kwetu si kuomba. Ni kukujulisha kwamba hapa unasimama.

Akakaa nyuma kwenye chuma cha mizigo, kibuyu mapajani, akashika mkanda wangu. Akoru huongea nami Kiturkana tu, naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia. Huongea tangu anapopanda mpaka anaposhuka. Mara mbuzi wale ni wa Emanikor, wamekunywa jana. Mara mvua imepiga nyuma ya kilima cheusi, watu watasogea. Mara pinda hapa, si pale, pale hakuna mtu tena. Ananukia moshi na tumbaku, na kila tukiruka shimo kibuyu chake hunigonga mbavu.

Shoki za zamani zimekufa kabisa. Kila jiwe linapita kwenye gurudumu, kwenye kiti, moja kwa moja hadi kichwani. Tulichanja mbuzi wote wa Lokiru waliokuwapo, lakini mbuzi wa maziwa walikuwa bado malishoni na wadogo zake, wakaachwa kwa safari ijayo. Kurudi nilishuka nikitembea nimejipinda. Watoto wa pale nyumbani waliniigiza, na waliniigiza vizuri.

Machi 20

Mawingu upande wa Uganda. Hayakufika.

Machi 24

Mvua imepiga usiku kucha. Basi lililobeba shoki zangu limekwama Kalemng'orok, daraja limefunikwa na maji. Jina langu ni Nakiru, la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na watu hudhani kwa hiyo naipenda mvua. Mimi napenda njia kavu.

Machi 27

Zimefika, zimefungwa kwa karatasi ngumu, nyekundu kama pipi. Nilizipeleka kwa Gatjang, fundi wa Kinuer mwenye kibanda Kakuma Moja, nyuma ya kanisa la Wasudani. Sikuwahi kumpenda sana. Ni mpole mno na huchelewa kujibu, ukimwuliza jambo anafuta mikono kwanza.

Aliweka jeki chini ya fremu mpaka magurudumu ya nyuma yakaning'inia. Bolti ya chini kushoto ilikuwa imeshikwa na kutu, akaimwagia mafuta ya taa, akaiacha, akanywa chai. Mimi nilitaka aigonge. Alipomaliza chai aliigeuza kwa spana na ikatoka yenyewe, nikakasirika bila sababu.

Shoki ya zamani aliisukuma kwa kiganja. Ilishuka, ikabaki chini, haikurudi. Akanionyesha. Ile mpya ilimrudisha mkono. Alizifunga mbili zote lakini nati hakuzikaza, akashusha kwadi chini.

"Mbona hukazi?" nikamwuliza.

"Nikikaza iko juu hewani, bushi, hii mpira ya ndani, inajikunja. Ukikalia, inakatika. Wewe kaa kwanza. Kaa kabisa, kama naenda Letea."

Nikakaa, na sanduku la barafu mbele likiwa limejaa. Akapima kwa kijiti kutoka ekseli hadi kwenye chuma cha mizigo, akazungusha pete ya chini ya springi, akapima tena. Kisha akafuta mikono.

"Na ile mtu ya nyuma?"

"Hakuna mtu wa nyuma."

"Mimi naona wewe unapita hapa siku zote na mtu."

"Kuanzia leo sibebi."

Alinitazama. Hakunisuta. Alikaza nati moja moja, polepole, akasema, "Malesh, haidhuru. Lakini hii springi ni ya mtu moja. Ukiweka wawili itagonga chini. Mimi nimesema."

Machi 28

Niseme ukweli, nilitaka kulia. Kwadi imepita juu ya mawe ya Pelekech kama inapita juu ya godoro. Nyuma kunashuka, kunapanda, kunatulia. Nilifika nikiwa wima. Nilikuwa peke yangu, hakuna kibuyu, hakuna tumbaku, hakuna mtu wa kuniambia pinda hapa. Nilisikia injini tu.

Nilimpita mzee mmoja mwenye fimbo. Nilimpungia mkono kana kwamba sikuelewa wake.

Machi 31

Nimelala bila dawa.

Aprili 4

Mvua mchana. Akoru alikuwa kwenye ukingo wa Tarach, shuka limemganda mwilini, mkono juu. Nilipunguza mwendo. Nilifikiria mgongo, nikafikiria ule mlango wa friji Lodwar, nikaongeza mwendo. Kwenye kioo nilimwona bado ameinua mkono, halafu akaushusha, akajipanga kutembea.

Nilijiambia shirika limekataza. Ni kweli limekataza.

Aprili 5

Mawingu. Nguo hazikauki.

Aprili 8

Kwa Lokiru hakuna mtu. Nimekuta boma la miiba liko wazi, majivu yameshaloweshwa na mvua, kinyesi cha mbuzi kikavu juu na laini chini. Wamehama. Hilo si ajabu, mvua ikinyesha watu hufuata nyasi. Ajabu ni kwamba mimi sikujua. Nilizunguka mpaka barafu ikaanza kuyeyuka, nikarudi na chupa zote zimejaa.

Mgongo mzima kabisa.

Aprili 11

Leo kwa Emanikor. Hakuna mtu. Nilifuata alama za mbuzi, nikafika kwenye laga iliyojaa maji mekundu, alama zikaishia hapo. Nilimwuliza mchungaji mmoja upande wa pili kwa sauti. Alinitazama, akaitazama kwadi, akanijibu kwamba hajui. Mchungaji wa Kiturkana asiyejua mbuzi wa jirani yake wako wapi sijamwona tangu nizaliwe.

Aprili 13

Mvua. Ekeno amepiga simu kuuliza idadi. Nimemwambia njia ni mbaya.

Aprili 15

Nimekutana na Emanikor mwenyewe hapa Kakuma, dukani kwa Msomali, akinunua sukari. Yeye ni ndugu wa Lokiru, mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Nikamwambia nimewatafuta kote.

"Mbona Akoru hakukuonyesha?" akasema.

"Akoru sijakutana naye."

"Amesema ulikutana naye. Amesema siku hizi kwadi yako haina breki." Watu wawili dukani walicheka. Yeye hakucheka. "Tuko nyuma ya kilima cheusi tangu mwezi uliopita. Mbuzi wanakohoa."

Nilimwuliza wanakohoaje. Akanieleza: wanasimama miguu imetanuka, shingo mbele, kamasi puani, wanakufa wakiwa wanene. Ni loukoi, homa ya mapafu ya mbuzi. Chanjo yake ndiyo niliyokuwa nayo kwenye chupa, kwenye barafu, nikiizungusha jangwani na kuirudisha.

Nimekaa kitandani tangu saa kumi nikifikiri. Miaka yote hii nimejivunia kwamba naijua nchi ya magharibi kuliko gari lolote la serikali. Kumbe sikuijua. Niliambiwa. Kila aliyekaa nyuma yangu alikuwa akiniambia nani amehama, nani amebaki, laga gani inapitika, na mimi nilikuwa nikisikia kelele. Pinda hapa, si pale. Akoru alishaniambia habari za kilima cheusi kabla hata hawajasogea, na mimi nilikuwa nikihesabu vibuyu mbavuni. Nimeona aibu, na nimeona hasira vilevile, kwa sababu mgongo wangu kweli uliuma.

Aprili 16

Nimekwenda nyuma ya kilima cheusi kwa kuulizauliza, nikafika jioni wakati mbuzi wameshasogezwa tena. Nilikuta mizoga.

Aprili 17

Nilimchukua mzee mmoja pale sokoni anayekwenda kwa watu wa Emanikor. Hatukuwa tumefika mbali, kwenye jiwe la kwanza nyuma ikagonga chini, chuma kwa chuma. Jiwe la pili, vilevile. Nilihisi kitu mgongoni kama uzi umevutwa. Mzee alinionyesha njia vizuri sana, na tuliwapata, na nilichanja mbuzi wachache waliokuwa karibu huku nimepiga magoti kwa sababu sikuweza kuinama. Akoru hakuwapo, au alikuwapo na hakutoka.

Gatjang amezungusha pete mpaka mwisho. Nyuma imeinuka lakini bado inagonga.

"Pete inainua tu," akasema. "Nguvu haiongezi. Hii waya ni nyembamba. Wewe nataka springi ya watu wawili."

"Nitawaambia nini ofisini?"

Akafuta mikono. "Hiyo si kazi ya spana."

Aprili 19

Nimempigia Ekeno. Nimepanda kwenye mwinuko wa kanisa ili nipate mtandao.

Nikamwambia springi ni laini, uzito si ule tuliosema. Akauliza kwani mimi nimenenepa. Nikasema hapana. Akauliza kama sanduku la barafu limenenepa. Nikavuta pumzi, nikamwambia, "Nabeba watu, Bwana Ekeno. Nimebeba watu miaka yote. Nilipoacha kuwabeba sikumpata mbuzi hata mmoja."

Akageukia Kiingereza, ambacho hukitumia akitaka jambo liishe, akasema mtandao ni mbaya na hakusikia hiyo sehemu ya katikati. Amesikia uzito tu. Ataagiza kwa uzito huo. Halafu akarudi kwenye Kiswahili.

"Lakini idadi ya mbuzi, Nakiru, hiyo nitaisikia vizuri. Mwisho wa Mei."

Nilikuwa nikimwona Ekeno mtu wa karatasi. Leo sijui nimwone nani. Nimeshuka kanisani taratibu, nimeshika ukuta.

Aprili 22

Mvua.

Aprili 23

Mvua. Tarach imejaa, watu wa upande huu na upande ule wanaongea kwa kelele.

Aprili 27

Nimekunywa dawa zote alizoandika daktari. Gatjang amepita kuniona, kaleta kisra, mkate wao mwembamba, iliyopikwa na mkewe, akakaa mlangoni bila kuongea. Zamani ningeona ananipotezea muda. Nilifurahi alivyokaa.

Mei 2

Springi mpya, waya nene. Gatjang alizitoa zile nyekundu nzuri akazifunga kwenye karatasi yake kwa adabu. Safari hii alinikalisha mimi mbele, akamkalisha mkewe Nyaruach nyuma, akapima kwa kijiti. Nyaruach alifunika mdomo kwa kitenge akicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Shoki zilishuka inavyotakiwa, zikatulia.

"Khalas, tayari," akasema. "Sasa hii ni ya watu wawili. Peke yako itakutupa."

Mei 3

Nilikwenda peke yangu kwa sababu sikupata mtu wa kubeba. Nyuma ni kugumu kama benchi la shule. Kila jiwe lilinirusha. Nilirudi kabla ya Letea.

Haikuwa kwamba watu hawapo njiani. Wapo. Nimesimama kwa wanawake watatu, kwa mzee, kwa msichana mwenye mbuzi mgonjwa begani. Wote walisema wanatembea tu. Mzee alisema mvua imeleta upepo mzuri, ni vizuri kutembea. Alikuwa anachechemea.

Mei 4

Gatjang amenipa gunia, akanisaidia kulijaza mchanga, tukalifunga kwenye chuma cha mizigo. Gunia linakaa vizuri kuliko abiria yeyote niliyewahi kumbeba. Halinukii, haliongei, halinigongi. Mgongo umetulia. Nimezunguka kutwa na gunia langu na sikuona mbuzi hata mmoja.

Mei 6

Vilevile.

Mei 7

Tumepakaa matope, mimi na gunia langu. Ekeno ameuliza idadi. Nimemwambia mwezi huu ni sifuri. Amesema, "Hiyo nimeisikia."

Mei 9

Laga imekauka, mchanga bado una unyevu, unabeba vizuri. Akoru alikuwa amekaa upande wa pili chini ya mti wa mswaki, kibuyu kando yake, anapumzika. Aliniona mapema. Hakuinua mkono.

Nikasimama mbele yake, nikazima injini, nikamsalimu.

"Ejoka."

"Ejok," akasema, kama anayemjibu mtu wa sensa.

Nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema Lokiru mzima, watoto wazima. Mbuzi wa maziwa hakuna. Wamekwisha wote, hata yule mweupe aliyekuwa wa bintiye. Kibuyu kilichokuwa kando yake ni cha dada yake, anamsaidia kuuza maziwa. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akichora mchangani kwa kidole.

"Nilikupita," nikasema.

"Ulinipita. Nilidhani macho yako yameharibika. Halafu Emanikor akaniambia ni mgongo."

"Ni mgongo."

"Basi umepona. Nenda."

Nilimwambia sijapona na siwezi kwenda. Nilimwambia sijui mbuzi wako wapi, sikuwahi kujua, ni yeye na wenzake walionifikisha. Nilimwambia nikikosa tena watanipeleka Lodwar na kwadi itakwenda ziwani, na atakayekuja baada ya mimi, kama atakuja, atakuwa mtu wa gari. Nilimwambia mbuzi waliobaki ambao hawajakohoa naweza bado kuwachanja leo, barafu ni mpya. Yote hayo niliyasema nikiwa nimesimama jua kali kichwani, na yeye kivulini, na hakunikaribisha.

Alipomaliza kunisikiliza alitazama nyuma ya kwadi.

"Hilo gunia lina nini?"

"Mchanga."

"Mchanga wa nini?"

"Wa uzito. Springi hizi ni za watu wawili. Bila mtu nyuma zinaniumiza."

Akoru aliangalia laga yote, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, mchanga mtupu mpaka inapokata kona. Akaniangalia mimi tena.

"Unabeba mchanga," akasema, "huku Turkana."

"Nabeba mchanga."

Sikuweza kujua anafikiria nini, na nilitambua kwamba sijawahi kujaribu kujua. Mwishowe akainuka, akajipangusa, akachukua kibuyu.

"Umwage."

Nilifungua kamba, nikaushusha mchanga palepale. Akapanda. Nyuma ikashuka kidogo, ikatulia, kama Gatjang alivyopima. Akashika mkanda wangu. Nikawasha injini, nikamwuliza tunakwenda wapi.

"Kwanza tunakwenda polepole," akasema. "Wewe una kiti. Mimi nimekalia hiki chuma miaka yote ile, na hakuna aliyeniuliza mgongo wangu ukoje."

Nikazima injini tena. Nikashuka, nikavua koti langu la mvua, nikalikunja mara nne, nikamwekea. Alilikalia, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, hakusema asante. Kisha akanyoosha mkono upande wa kushoto, mahali ambapo mimi sikuona njia yoyote, nikapinda huko.